Kaburi la Saba Nyuma ya Maduka

Makaburi yalikuwa sita. Ndivyo Mzee Pazi alivyowaapia watu wa halmashauri, na ndivyo walivyojua jamaa zake waliotoka kijijini Masaki na majembe kuja kuwahamisha wazee wao. Kwa hiyo jembe lilipogusa sanda mahali ambapo hapakuwa na kaburi, kila mtu alisimama alipo, na Maalim Latifu, aliyekuwa akisimamia kazi ile kwa dua na kwa ukali, akaamuru polisi waitwe.

Mkaguzi Hamisa wa upelelezi alifika jua likiwa limeshawaka, na Koplo Evance nyuma yake. Mahali penyewe palikuwa uani mwa Mtaa wa Mabati, ile safu ya maduka makuukuu katikati ya mji wa Kibaha iliyokuwa ivunjwe ili lijengwe soko la ghorofa. Zamani hapo palikuwa shamba la baba yake Pazi. Mji ulikuja ukalizunguka, maduka yakasimama mbele, na makaburi ya ukoo yakabaki nyuma, yamebanwa kati ya vyoo na mapipa ya takataka. Wafanyabiashara walikuwa wameshahamishiwa uwanjani Tangini, chini ya maturubai, wakisubiri. Ahadi waliyopewa ilikuwa moja: kila mwenye duka katika mtaa wa zamani atapata chumba katika soko jipya, kwa jina lile lile. Lakini greda halikuweza kuingia mpaka marehemu watoke, na sasa marehemu mmoja alikuwa amezidi.

"Sogeeni kidogo," Hamisa alisema, akachungulia.

Lilikuwa shimo fupi, lisilomfika mtu mzima kiunoni. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya mtu, kalazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Sanda ilikuwa imeoza hapa na pale, lakini kamba zilizoifunga kichwani, kiunoni na miguuni zilikuwa nzima kabisa. Hamisa alimshukuru Mungu kwamba angalau mtu huyu alizikwa, hakutupwa. Alipoinua macho aliwaona wanaume wote wamenyamaza, na Pazi amegeukia ukuta, midomo ikimchezacheza kwa dua.

Alidhani ni hofu. Akawaacha, akaendelea na kazi yake, na hilo ndilo kosa lililompotezea wiki nzima.

Eneo lilipigwa picha, mabaki yakatolewa kwa utaratibu, udongo ukachekechwa. Wenye maduka ya karibu wakahojiwa mmoja mmoja. Aliyekuwa karibu zaidi ni Mwanne, muuza unga na nafaka, ambaye mlango wa nyuma wa duka lake ulifungukia makaburini. Watu walimjua kwa mambo mawili. Alikuwa mkosha maiti wa kike, anayeitwa msiba ukitokea, na katika mkutano wa kuhamisha makaburi ndiye peke yake aliyesimama kupinga, akasema waliolala waachwe walale. Wenzake walimzomea kwamba anapinga maendeleo. Alimjibu Hamisa kwa heshima kwamba hajaona kitu, kwamba yeye ni mke wa Maulidi, mdogo wake Mzee Pazi, na kwamba mumewe yuko Msumbiji kwenye biashara ya samaki wakavu. Hamisa alimwamkia, akamshukuru, akapita.

Kilichomvuta Hamisa kilikuwa sanda yenyewe. Chini ya shuka za nje ilikuwepo kanzu iliyoshonwa kwa mkono, na kichwani ukaya, kitambaa cha kufunika nywele. Hakuhitaji kufundishwa na mtu. Alishiriki kumkosha bibi yake mzaa mama, akashika sindano kwa mikono yake mwenyewe. Mwanamume huzikwa kwa shuka tatu tupu. Mwanamke ndiye anayevalishwa kanzu na ukaya.

"Ni mwanamke," alimwambia Evance. "Tafuta mwanamke aliyepotea mtaa huu."

Evance, kijana wa Bukoba asiyejua sanda wala ukaya, aliandika na kwenda. Akamletea jina la Hajira, mama lishe aliyekuwa akipika nyuma ya stendi na siku moja akaacha sufuria zake jikoni asirudi tena. Aliyekuwa mchumba wake aliwekwa ndani siku mbili. Polisi walizunguka, wakauliza, wakafika mpaka Gwata ndani kabisa, na huko wakamkuta Hajira mwenyewe shambani, mzima, ana mume mwingine na mapacha mgongoni na kifuani. Aliwatukana kwa kumwanika. Hamisa alirudi Kibaha kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda, vumbi hadi kwenye kope.

Daktari Tereza, aliyekuwa akichunguza mabaki yale, ndiye aliyemmaliza kabisa.

"Nani kawaambia ni mwanamke?"

"Sanda, daktari."

"Sanda haina nyonga. Huyu ni mwanamume, mtu wa miaka arobaini kwenda juu. Mguu wa kushoto ulivunjika zamani sana, ukaungwa kienyeji, ukaunga vibaya. Zaidi ya hapo mifupa haina jeraha. Kilichomuua siwezi kukuapia, lakini hakupigwa, wala hakukatwa."

Bosi wake Hamisa, Afande Silvanus, hakufurahi. Wafanyabiashara walikuwa wakiungua jua Tangini, mkandarasi alikuwa akipiga simu kila asubuhi, na mji mzima ulikuwa ukisema soko limerogwa. Alimpa Hamisa muda wa kumalizia, akamwambia kwamba mtu aliyefichwa ni mtu aliyeuawa, na kwamba anataka jina la muuaji, hataki hadithi ya nguo.

Hamisa alikwenda kwa Maalim Latifu. Alimkuta barazani anawasomesha watoto, akasubiri wamalize juzuu yao. Kisha akamuuliza swali lililokuwa likimkera: ni mwanamume gani angemvalisha maiti wa kiume ukaya?

"Hakuna," Maalim alisema. "Wala hakuna mwanamume angemzika vile. Si uliona mwenyewe?"

"Niliona nini?"

Maalim alimtazama muda mrefu. Akamweleza taratibu, macho chini, kwa kuwa hayo hayakuwa mazungumzo yake na wanawake. Kaburi lile halikuwa na mwanandani, yaani ule mfereji unaochongwa ndani ya shimo ili maiti alazwe humo, kisha ufunikwe kwa mbao. Mtu yule alimwagiwa mchanga juu ya mwili. Na kamba za sanda zilikuwa zimefungwa.

"Tunazifungua tukishamlaza. Kichwani, kiunoni, miguuni. Mwanamume yeyote aliyewahi kushuka kaburini anajua, hata awe mlevi. Ndiyo maana siku ile tulinyamaza. Kumkuta Mwislamu kafungwa vile, mwanangu, lilituuma."

"Mbona hukuniambia, Maalim?"

"Nilidhani unaona. Ulikuwa umesimama pale pale."

Hamisa alitoka pale akaingia ndani ya gari, lakini hakumruhusu Evance aliwashe. Alikuwa ameona aibu, na aibu hiyo ilikuwa inamwonyesha kitu. Neno mwanandani alilisikia kwenye mawaidha tangu utotoni, na siku zote alidhani ni jina jingine la kaburi.

"Evance, mimi nilichungulia shimo lile nikaona mambo yamekamilika."

"Ndiyo, afande."

"Nimehudhuria misiba tangu nina akili zangu. Wanaume wanabeba jeneza, wanatokomea nalo, sisi tunabaki uani. Mkono wangu unaijua sanda uzi kwa uzi. Chini ya shimo sikijui kitu. Sasa niambie, mtu aliyeshona vizuri vile na kuzika vibaya vile ni nani?"

Evance alifikiri. "Mwanamke, afande."

"Mwanamke anayekosha wanawake wenzake, kwa hiyo sanda anayoijua ni ya kike. Na mwanamke hamkoshi mwanamume, labda mumewe."

Evance akachukua bahasha ya ushahidi iliyokuwa kwenye kiti. Kamba zile zilimsumbua tangu mwanzo kwa kuwa hazikuoza. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga huko kwao, na yeye aliutambua uzi huo wa plastiki wa rangi ya maziwa. Ni uzi wa kushonea viroba vya unga. Alipomaliza kusema hivyo, hakuna kati yao aliyekuwa na haja ya kulitaja jina.

Lakini jina lililo kichwani mwa askari si ushahidi, na Hamisa alikuwa ameshaumbuka mara moja. Alikwenda Tangini, akaketi kwenye turubai la Fadhila, fundi cherehani aliyekuwa jirani yake Mwanne miaka yote ya Mtaa wa Mabati. Hakumuuliza habari za maiti. Alimuuliza kama Mwanne aliwahi kufunga duka muda mrefu.

Fadhila alikumbuka bila kuhangaika. Ulikuwa mwaka ule halmashauri ilipopita kupiga alama za X nyekundu kwenye kuta. Maulidi alikwenda Msumbiji bila hata kuaga, na mkewe akafunga duka, akasema anaumwa. Alikaa ndani miezi. Alivua bangili, hakupaka wanja wala hina, hakukanyaga harusi ya mtu, na ukimtembelea unamkuta kavaa gauni lile lile jeupe.

"Nilimtania," Fadhila alisema. "Nikamwambia, shoga, mume kasafiri tu, mbona umekaa eda? Hakucheka. Nami nikaona nimemkosea, sikurudia tena."

Hamisa alimwomba asimweleze mtu, akanyanyuka. Mwanamke aliyeudanganya mji mzima alishindwa kumdanganya Mungu wake, akakaa eda ya mume ambaye alisema yuko hai. Hamisa alimhurumia, na huruma hiyo hakuipenda, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

Kesho yake walikwenda Masaki. Mzee Pazi walimkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo, makaburi mapya ya wazee wake yakionekana upande wa pili wa mikorosho. Hamisa alimwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba, akaagiza maji. Waliongea kwanza habari za mvua. Kisha Hamisa akauliza, kama anayepitisha muda, mdogo wake Maulidi alikuwa mtu wa namna gani.

Pazi alicheka. Alisema Maulidi alikuwa mtundu tangu utoto. Alipanda mkorosho ule pale, akaambiwa shuka, hakushuka, tawi likakatika. Mzee mmoja wa Maneromango ndiye aliyemuunga mguu kwa vijiti, na tangu hapo akawa anachechemea kipindi cha baridi.

"Mguu gani, mzee?"

"Wa kushoto," Pazi alisema, na kisu kikasimama katikati ya muhogo.

Hakuna namna nzuri ya kumpa mtu habari hiyo, na mzee alikuwa ameshaipata. Pazi alikiweka kisu chini, akajipangusa mikono kwenye msuli, akajipangusa tena.

"Nilisimama pale," alisema. "Nilimsomea Fatiha kama mpita njia."

Walimwacha mpaka alipoweza kuendelea. Hamisa hakuwa na hiari, ilimbidi aulize: kama Maulidi angekufa mwaka ule, duka lingekuwa la nani?

Pazi hakujitetea. Alisema Maulidi hakujaliwa mtoto, mke angepata fungu lake, na kilichobaki ni cha kaka. Alisema pia jambo ambalo hakuulizwa. X zilipopigwa ukutani, habari za soko jipya zilipoanza kuvuma, yeye alisimama mbele ya watu akasema kwamba duka lile limetokana na ardhi ya baba yake, na mdogo wake akitangulia atalichukua, kwa sababu mwanamke hawezi kushika duka la ukoo. Mwanne alikuwepo, amebeba sinia la chai.

"Na unga ule," Hamisa aliuliza, "aliyeuanzisha ni nani?"

"Ni yeye," Pazi alisema. "Maulidi alikuwa anakaa tu mlangoni."

Walimkuta Mwanne Tangini, anafunga kibaba cha unga kwenye mfuko. Alimwona Hamisa, akamwona Evance, akamalizia kumhudumia mteja wake na kumrudishia chenji. Kisha akavuta kigoda cha pili, akakaa kwenye cha kwanza. Hamisa alimwambia kwamba ana haki ya kunyamaza na kwamba atakayosema yanaweza kutumika mahakamani. Mwanne aliitikia kwa kichwa, akasema amenyamaza vya kutosha.

Maulidi alikuwa na ugonjwa wa kifua. Siku ile alirudi kutoka kuswali alasiri, akajilaza juu ya magunia ya mahindi, na yeye alipotoka kusaga akamkuta kashapoa. Alikaa naye. Alijua kwamba akipiga ukelele mmoja tu, shemeji atafika kabla maji ya kumkoshea hayajachemka, na akitoka msibani atakuwa hana mume wala mlango. Kwa hiyo hakupiga ukelele. Alimkosha mwenyewe. Alikata bafta nyeupe aliyokuwa ameitunza ije iwe sanda yake mwenyewe, akashona alivyozoea kushona, nguo haikutosha kwa kamba, akachukua uzi wa viroba. Mvua ilikuwa imelainisha mchanga. Alichimba mpaka mikono ikakataa, akamlaza karibu na baba yake, akamwelekeza kibla, akafukia na kusawazisha.

"Sikumuua, afande. Najua hamtaniamini."

"Mifupa inasema hakuumizwa," Hamisa alijibu. "Mengine ataamua hakimu. Lakini kuficha kifo ni kosa, mama. Na chumba cha soko kilikuwa kitoke kwa jina la marehemu."

"Duka najua limekwenda." Mwanne aliikunja mifuko iliyobaki, akaiweka juu ya mizani. "Nilifanya yote nilivyoona yanafanywa. Nani aliniona?"

"Hakuna aliyekuona. Ni kamba."

"Kamba zina nini? Nilizifunga vizuri. Mafundo mawili mawili, zisije zikaachia."

Hamisa alitamani kumwachia Maalim Latifu jibu hilo. Lakini Maalim hakuwepo, na mwanamke huyu alikuwa na haki ya kulisikia.

"Wanazifungua, mama. Wakishamlaza, wanazifungua."

Mwanne alimtazama bila kuelewa. Alikuwa amewakosha na kuwafunga wanawake wa Kibaha, mmoja baada ya mwingine, akawakabidhi mlangoni kwa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumweleza kilichofuata.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Hata mimi hakuna aliyeniambia."

"Kwa hiyo miaka yote hii nimemwacha kafungwa."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia alipoambiwa kosa lake, wala alipotajiwa duka. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba ambacho alikimeza mwaka ule, mpaka Fadhila na wenye maturubai ya jirani wakaja mbio wakidhani kapata habari mbaya kutoka Msumbiji.

Hamisa aliongea na Afande Silvanus kwa simu, akamwambia kwamba si mauaji, ni kifo kilichofichwa, na kwamba greda linaweza kuingia. Afande alishusha pumzi. Ombi lililofuata, kwamba Mwanne apelekwe mazikoni, lilimchukua muda kulielewa, na aliporidhia alisema liwe juu ya kichwa chake Hamisa mwenyewe.

Maulidi alizikwa tena siku ya pili, Masaki, baada ya swala ya adhuhuri, ndani ya sanda mpya ya shuka tatu. Gari la polisi lilisimama pembeni, chini ya mikorosho, mbali kama inavyotakiwa. Mwanne na Hamisa walisimama kando yake, mitandio imeshushwa, wanawake wawili mahali ambapo wanawake hawaendi. Wanaume waliwaona. Mmoja alianza kunung'unika, na Mzee Pazi akamshika bega, kisha akawasogeza watu wa upande ule hatua chache, mpaka shimo likaonekana kutoka garini.

Maalim Latifu alishuka mwenyewe. Walimpokeza Maulidi, wakainamisha vichwa, na kwa muda hakikuonekana kitu ila migongo ya kanzu. Mwanne alikuwa ameushika mkono wa Hamisa bila kujua ameushika. Halafu mkono wa Maalim ukanyanyuka juu ya ukingo wa kaburi, umeshika vipande vitatu vya kitambaa cheupe. Hakugeuka kuwatazama. Aliviacha vining'inie hapo hewani, muda wa kutosha kwa mtu aliye mbali kuviona na kuvihesabu, kisha akavishusha na kuagiza mbao.

"Haya, mwanangu," Mwanne alisema. "Tunaweza kwenda."